Kempa za Pikapu: Mbao, Alumini au Faiba? Linganisha Zinavyovunjika Kwanza, Waranti Baadaye

Waswahili wa Marekani na Kanada wanaotafuta kempa ya kupachika kwenye pikapu, yaani kijumba cha kulala safarini, huanza na maswali yaleyale matatu: inalaza wangapi, choo kiko ndani au hakuna, na waranti ni ya miaka mingapi. Mawili ya kwanza utayajibu mwenyewe kwa kuingia ndani na kujinyoosha kitandani. Hilo la tatu ndilo linalopoteza watu. Waranti ya miaka mitatu ya "muundo" inavutia kuliko ya mwaka mmoja, mpaka siku kona ya mbele inapoanza kubonyea chini ya kidole, na kiwanda kinajibu kwa barua pepe fupi kwamba hayo ni maji, na maji ni jukumu la mwenye kempa.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na namna kila ujenzi unavyoharibika. Waranti nitaifikia, lakini huwezi kuisoma vizuri kabla hujajua ni uharibifu gani unaokuja.

Mzigo unapita wapi

Kempa ya aina hii haina ekseli wala matairi yake. Inakaa juu ya bodi la pikapu, ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, imekazwa kwa vishikizo vinne, na ikishushwa inasimama juu ya jeki nne zilizofungwa kwenye kona. Ikiwa garini, uzito hukaa kwenye sakafu ya bodi na mishtuko ya barabara huvuta vishikizo; ikishushwa, uzito wote hupita kwenye zile kona nne za jeki. Halafu kuna kitanda kinachoning'inia mbele, juu ya kichwa cha gari, kisichokuwa na nguzo yoyote chini yake.

Chesisi ya pikapu imeundwa ijipinde kidogo barabarani. Sanduku lililo juu yake halipendi kupindwa. Mwaka hadi mwaka wanavutana, na dalili hujitokeza palepale: kona za chini ya kitanda cha mbele, mabawa yanayopita juu ya kuta za bodi, mabano ya jeki, pembe za madirisha, na fremu ya mlango. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwaruza, usikimbilie kuupiga randa. Tafuta kwanza nini kimesogea.

Mbao na bati

Huu ni ujenzi wa zamani kuliko yote: fremu ya mbao laini, kihami joto katikati, plaiwudi ndani, bati jembamba la alumini nje. Northstar ya Cedar Falls, Iowa, inajulikana kwa fremu za mbao, na kempa nyingi za bei ndogo zilizotumika utakazokutana nazo ni za familia hii.

Adui yake ni maji. Gundi ya kuzibia viungio hukauka na kupasuka, maji hufuata skrubu hadi kwenye mbao, na bati la nje linabaki linang'aa huku ndani kunaoza. Mara nyingi mwenye kempa hugundua siku anapoiinua kwa jeki: skrubu za bano zinachomoka pamoja na unga wa mbao, kona inaachia, kempa inalala upande. Ndiyo sababu hupaswi kuingiza mwili chini ya kempa iliyosimama kwa jeki peke yake, hata ikiwa mpya.

Ila mbao ina heshima moja ambayo wauzaji hawaitaji: inarekebishika. Unafungua bati, unakata kilichooza, unaweka mbao mpya, unarudisha bati. Seremala wa kawaida anaiweza, na kiwanda hakihitajiki kwenye habari hiyo. Kwa mtu anayeishi Lewiston, Maine, au Columbus, Ohio, mbali na viwanda vingi vya kempa vilivyo magharibi ya nchi, hilo lina thamani kuliko waranti ndefu.

Fremu ya alumini na kuta za kugundisha

Hapa ndipo penye biashara kubwa na malalamiko mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lance ya Lancaster, California, iliyoanza 1965, na Arctic Fox zinazotengenezwa na Northwood huko La Grande, Oregon, ni mifano inayofahamika. Ukuta hujengwa kwa mabomba ya alumini yaliyochomelewa, povu gumu kujaza nafasi, na ngozi ya faiba kwa nje, vyote vikagundishwa kwa mgandamizo hadi vikawa kipande kimoja. Matokeo ni ukuta mwepesi, ulionyooka, unaopendeza macho. Muuzaji atakuambia alumini haiozi, na hasemi uongo.

Shida iko kwenye majirani wa hiyo alumini. Katika kempa nyingi, nyuma ya ngozi ya faiba kuna plaiwudi nyembamba, na plaiwudi hunywa maji. Watengenezaji kadhaa, Lance wakiwemo, wamehamia kwenye Azdel, ubao wa plastiki ya polipropilini na nyuzi za faiba usiooza. Ni hatua nzuri. Lakini gundi nayo huachia, iwe kwa joto, kwa maji, au kwa kazi mbovu ya siku moja kiwandani, na ikiachia ukuta hutoa mapovu makubwa ambayo utayaona ukisimama pembeni jua likiwa chini. Watu huyachukulia kama kasoro ya urembo. Nguvu ya ukuta huu inatokana na tabaka zote kushikana; zikiachana, kilichobaki ni ngozi nyembamba na povu.

La pili ni nyufa za fremu yenyewe. Chuma kina kiwango cha mkazo ambacho kikibaki chini yake kinaweza kuvumilia mtikisiko karibu bila mwisho. Alumini haina kiwango hicho: mtikisiko mdogo ukirudiwa vya kutosha, ufa utatokea. Tena alumini iliyochanganywa na kukomazwa, kama ile iitwayo 6061-T6, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake pembeni ya mahali ilipochomelewa, kwa sababu joto la kuchomelea huharibu ugumu iliokuwa imepewa. Unganisha hayo na kitanda kinachoning'inia mbele na utaelewa kwa nini nyufa hupenda kuanzia kwenye kiwiko kati ya bawa na kitanda. Fremu imefunikwa pande zote, hivyo unachokiona ni mstari mwembamba kwenye ngozi ukianzia pembe ya dirisha.

La tatu ni la wenzetu wa Minnesota na Alberta. Alumini hupitisha baridi moja kwa moja, na mvuke wa pumzi na wa kupika hugeuka maji penye kila bomba la fremu. Na pale skrubu za chuma zinapogusa alumini, chumvi ya barabarani ikifika, huanza unga mweupe unaokula tundu la skrubu hadi linalegea.

Kurekebisha ndiko kunakouma. Fundi wa mtaani hawezi kugundisha upya ukuta mzima. Kazi inarudi kiwandani au kwa karakana chache zenye vifaa, na bili yake inaweza kukaribia thamani ya kempa iliyozeeka. Huu ndio ujenzi unaoitegemea waranti kuliko mingine yote, na kwa maoni yangu usinunue mpya wa aina hii kama huwezi kuendesha mwenyewe hadi kiwandani ndani ya siku moja au mbili.

Faiba ya magamba mawili

Bigfoot ya Armstrong na Northern Lite ya Kelowna, zote za British Columbia, Kanada, hutengeneza magamba mawili makubwa ya faiba kwenye kalibu, la chini na la juu, kisha huyaunganisha kiunoni. Faida yake inaonekana mvua ikinyesha: ile kona ya mbele ambapo paa na ukuta hukutana, inayovujisha kempa nyingine, haipo. Yanayobaki ni matundu waliyoyakata wenyewe kwa ajili ya madirisha, feni na kiyoyozi.

Huvunjika pia. Utaona nyufa nyembamba kwenye rangi ngumu ya juu. Nyingi ni za ngozi tu, lakini ufa unaoanzia kwenye bolti au bano la jeki na kurefuka kila msimu ni wa kuogopa. Pia usiamini kwamba hakuna mbao kabisa. Sakafu na vibao vya kuimarisha nyuma ya mabano mara nyingi ni plaiwudi, na dirisha linalovuja huilowesha kama kawaida. Kinachobadilika ni matengenezo. Mtu aliyewahi kuona mafundi wa boti za faiba Mombasa au Zanzibar wakisaga, kupaka resini na kubandika kitambaa cha nyuzi anajua kazi yenyewe, na karakana za boti zipo karibu na kila ziwa kubwa la Marekani.

Gharama yake ni bei na uzito. Hazifai pikapu ndogo. Na kwa mkazi wa Marekani kiwanda kiko ng'ambo ya mpaka. Kama makaratasi yako ya uhamiaji bado yanashughulikiwa, kuvuka kwenda Kelowna kufuata waranti kunaweza kukugharimu zaidi ya kempa. Uliza kwanza ni karakana gani ya upande wako inayoruhusiwa kufanya kazi ya waranti, na uipigie simu uhakikishe inalijua hilo.

Paa la kuinuka

Four Wheel Campers, iliyoanza 1972 na leo iko Woodland, California, ndiyo inayojulikana zaidi hapa: kiunzi cha alumini kilichochomelewa, kuta nyembamba, paa linaloinuliwa ukifika, kitambaa pembeni. Kiunzi kimeachiwa kijipinde pamoja na gari badala ya kushindana nalo. Kitovu cha uzito kiko chini, upepo hauisumbui sana, na nyepesi zake zinaweza kukaa kwenye pikapu ya kawaida.

Alumini ni ileile, kwa hiyo nyufa za kuchomelea zipo, hasa kwa wanaopenda barabara za mawe na wasiokaza vishikizo. Kempa ikilegea inaruka na kugonga bodi, na kila pigo linaishia kwenye kona ya fremu. Vishikizo vya aina hii mara nyingi hufungwa kwa bolti zinazopenya sakafu ya bodi. Ford F-150 tangu modeli ya 2015 ina bodi la alumini, kwa hiyo hakikisha kuna bamba la kuimarisha chini yake, la sivyo bolti itakula tundu. Kitambaa huchakaa, na ukikikunja kikiwa kimelowa kitaota ukungu.

Ila ukivua kibao cha ndani, ufa unauona kwa macho, na mchomeleaji mzuri wa alumini anaufunga kwa mchana mmoja. Baridi kali ndiyo inayonizuia kuipendekeza kwa kila mtu.

Sasa waranti

Weka waranti mbili mezani. Moja ni ya mwaka mmoja kwa kila kitu, nyingine ni ya miaka kadhaa kwa "muundo". Ya pili inaonekana bora. Soma tafsiri ya neno muundo humo ndani. Mara nyingi ni fremu, kuta na paa, kwa sharti kwamba kasoro ni ya vifaa au ya ufundi. Uharibifu wa maji umeondolewa, au umewekewa sharti kwamba ulikagua viungio kila baada ya miezi fulani na una kumbukumbu. Yaani uharibifu unaotokea mara nyingi ndio uliokaa nje ya uzio. Jokofu, hita na kiyoyozi vina waranti za watengenezaji wao, na hapo huanza ngoma ya kurushiana mpira: kiwanda cha kempa kinasema kiyoyozi ndicho kinachovujisha, mwenye kiyoyozi anasema tundu lilikatwa vibaya.

Yapo na mengine yanayomhusu Mswahili hasa. Waranti nyingi hufa ukiikodisha kempa, na wengi wetu huwa na hesabu ya kuikodisha wikendi ili isaidie kulipa mkopo. Nyingi hufa ukiishi humo mwaka mzima. Nyingi hazimfuati mnunuzi wa pili. Na kama una ndoto ya kuipakia melini hadi Mombasa au Dar es Salaam uzunguke nayo nyumbani, chukulia kwamba ikipanda meli waranti imebaki bandarini.

Halafu usafiri. Waranti inaweza kulipia matengenezo huku ikikuachia wewe gharama ya kuipeleka kempa kiwandani na kuirudisha. Ukiwa Texas na kiwanda kiko Oregon, hesabu mafuta na siku za kazi utakazokosa kabla hujasema una waranti.

Upande wa sheria una nguvu kuliko wengi wanavyodhani, ingawa una mashimo. Sheria ya shirikisho iitwayo Magnuson-Moss, ya 1975, inamtaka anayetoa waranti ya maandishi aiite wazi kuwa kamili au yenye mipaka. Kamili ingekupa haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa fedha wakishindwa kurekebisha. Za kempa kwa kawaida ni zile zenye mipaka. Kwa bidhaa inayozidi dola 15 muuzaji anapaswa kukuwezesha kusoma waranti kabla hujanunua, kwa hiyo anayekuambia itakuja na makabrasha baadaye anakunyima haki yako. Kiwanda hakiwezi kufuta waranti kwa sababu hukutumia gundi ya chapa yake, isipokuwa kiwe kinakupa bure au kimepata kibali maalumu cha serikali. Na ukishinda mahakamani, hakimu anaweza kuamuru gharama za wakili wako zilipwe na mshtakiwa. Hilo ndilo linalowafanya mawakili wakubali kesi ya mtu asiye na fedha mkononi.

Pia kanuni za mauzo zinazofuatwa na majimbo yote isipokuwa Louisiana hutoa miaka minne ya kudai tangu kukabidhiwa bidhaa, ila mkataba unaweza kuipunguza hadi mwaka mmoja. Tafuta sentensi hiyo kabla ya kusaini, na utafute pia inayokulazimisha kwenda kwa msuluhishi badala ya mahakama. Usizitegemee sheria za magari mabovu za majimbo: nyingi ziliandikwa kwa ajili ya kitu chenye injini. California ni bora kidogo kwa sababu sheria yake ya waranti, Song-Beverly ya 1970, inagusa bidhaa za matumizi ya nyumbani kwa jumla, mradi zimeuzwa humo. Kishikizo kinachong'oka au bano la jeki linalokatika ni suala la usalama. Liripoti NHTSA, idara ya shirikisho ya usalama barabarani, hata kama waranti imekwisha. Ukuta wenye mapovu peke yake hawatauhangaikia.

Kisingizio kinachoua madai mengi ni uzito. Kempa kubwa yenye vyumba vya kusukuma nje, ikishajazwa maji, vyakula na vyombo, hufika tani mbili na kuzidi, wakati pikapu nyingi za "nusu tani", ambalo ni jina tu la daraja, hubeba kati ya kilo 680 na 900 hivi. Lita mia za maji ni kilo mia. Ukizidisha, kiwanda cha kempa kinakunyooshea kidole wewe, na cha pikapu vilevile. Kanuni za shirikisho zinawataka watengenezaji wa pikapu waeleze uwezo wa mzigo na mahali kitovu cha uzito cha kempa kinapopaswa kuangukia. Soma kitabu cha gari, kwa sababu baadhi husema wazi kwamba gari hilo halifai kempa kabisa. Madereva wa malori miongoni mwetu wanaijua CAT Scale, mizani ya kupimia magari. Pima kempa ikiwa imejaa, hifadhi tiketi. Tiketi hiyo ikiwa safi ni ushahidi wako, na wataiomba.

Ukiona ufa, acha kusafiri nayo. Piga picha yenye rula pembeni, andika tarehe, peleka taarifa kwa maandishi kwa muuzaji na kwa kiwanda siku hiyohiyo, na usiruhusu fundi aguse kitu kabla hujapata idhini ya maandishi. Simu nzuri na mtu mpole wa huduma kwa wateja haithibitishi chochote miezi sita baadaye.

Nani achukue ipi

Familia yenye pikapu ya nusu tani haina uchaguzi mpana: paa la kuinuka, basi. Mwenye pikapu ya tani moja anayekaa karibu na milima ya magharibi anaweza kuchukua ya kugundisha iliyo mpya, akijua kiwanda kinafikika. Mwenye mikono ya ufundi na bajeti ndogo achukue ya mbao, lakini alipe bei ya kempa yenye kazi ndani yake.

Kama fedha ni zangu, na pikapu inabeba, ningechukua faiba ya magamba mawili yenye miaka kumi kuliko ya kugundisha mpya kwa bei hiyohiyo. Haina waranti tena, ni kweli. Imeshaonyesha pia kila inachovujisha, na kilichobaki kinarekebishika karibu na nyumbani.

Kwa yoyote utakayoichagua, nenda na kipima unyevu cha pini. Vya bei ndogo vinatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine. Kibonyeze kwenye kona za ndani ya makabati, chini ya godoro la mbele, na kuzunguka mabano ya jeki. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka kona hadi kona usikilize sauti inapobadilika. Mwombe muuzaji aiinue kwa jeki zake ukiwa umesimama pembeni, uangalie kama mabano yanacheza. Kisha mpira wa maji, juu ya kila dirisha, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Fanya yote haya kabla ya kulipa fedha za mwisho, hata kwa kempa mpya. Muuzaji akikataa mpira wa maji, nenda kwa mwingine. Oktoba na Novemba wapo wengi wanaouza kwa haraka ili wasihifadhi kempa kipindi cha theluji, na hao huwa na subira na mnunuzi mwenye maswali.